Mbayuwayu na Kanga za Mama Mkwe

Rimoti ya mwanafunzi haizungumzi na ndege. Mgeni yeyote anayeingia sebuleni kwetu hapa Leicester, akakuta rimoti mbili mezani zimefungwa pamoja kwa waya mweusi, mimi humweleza hilo kwanza, kwa sababu wengi hudhani kila moja ina ndege yake. Rimoti ya mwalimu peke yake ndiyo inayojulikana na risiva iliyo tumboni mwa ndege. Ile ya mwanafunzi hata redio yake haiwaki. Kazi yake ni kusoma vijiti vimesogezwa kiasi gani na kuipitisha habari hiyo kwenye waya mpaka kwa mwalimu. Sasa, kwenye bega la rimoti ya mwalimu kuna swichi yenye springi. Mwalimu akiibana, ndege inamsikiliza mwanafunzi. Akiiachia, ndege imerudi kwake papo hapo.

Uangalie vizuri mpango huo. Kumpa mtoto ndege ndiko kunakotaka jasho: kidole kibane, kikae kimebana, dakika baada ya dakika, hata kikianza kuuma. Kumnyang'anya hakutaki lolote. Mwalimu akipigwa na chafya, kidole kikiteleza, ndege iko mikononi mwake. Aliyebuni swichi hii ikae hivyo, wala isiwe kinyume chake, alikuwa anawajua walimu, na naamini alikuwa na watoto. Sijaona chombo kingine cha kumfundisha mtoto kinachomdai mzazi aendelee kumwamini kwa kitendo, kila sekunde, huku kikimwachia njia ya kumwokoa.

Mzee aliyenifundisha mimi kurusha, mhandisi mstaafu wa reli, alijifunza enzi ambazo mwalimu alisimama ubavuni mwa mwanafunzi na kuipokonya rimoti mambo yalipoharibika. Ndege ikiwa inashuka kichwa chini, sekunde moja ya kugombea rimoti inatosha kuimaliza. Enzi hizo ndege za hapa Uingereza zilitumia masafa ya megahezi 35, yaliyogawanywa vipande vipande vyembamba, na watu wawili wakiwasha kipande kimoja, ndege iliyo hewani imepotea. Kwa hiyo uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba, na hakuna aliyethubutu kuwasha rimoti kabla hajachukua kibanio chake. Rimoti za gigahezi 2.4, zilizoanza kuenea katikati ya miaka ya 2000, hujitafutia nafasi zenyewe. Ubao ule bado upo klabuni kwetu, na mzee bado huupangusa vumbi.

Binti yangu ana miaka kumi. Ndege yetu ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, na kwa uzito huo sheria ya hapa inamtaka mrushaji, hata akiwa mtoto, afaulu mtihani wa mamlaka ya anga. Maswali 40, ukipata 30 umefaulu, na mtoto wa chini ya miaka 13 lazima awe na mzazi kando yake. Tuliufanya kwenye meza ya kula, mama mkwe akiwa upande wa pili anachagua maharage. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga mwezi Machi, na baridi ilikuwa imemkalisha ndani akisikiliza kila kitu.

"Usizidi mita 120," binti yangu akasoma.

"Mita 120 ni minazi mingapi?" mama mkwe akauliza bila kuinua macho.

Tukakadiria minazi mitano mirefu, mmoja juu ya mwingine. Tangu siku hiyo hakuna anayetaja mita nyumbani kwetu. Tunasema minazi miwili, minazi mitatu, na mtoto anajua hasa kimo hicho kilivyo, kwa sababu aliwahi kusimama chini ya mnazi wa bibi yake na kuhesabu madafu.

Ndege yenyewe aliipa jina la Mbayuwayu, akaichora mkia wenye panda. Mbayuwayu wa kweli wa Uingereza huikimbia baridi kila mwaka mpaka Afrika Kusini, wakivuka Sahara njiani, na mama mkwe aliliona jina hilo kuwa la maana kuliko ndege. Kwa umbo, ni ndege ya kujifunzia hasa: bawa moja refu la mita moja na nusu limekaa juu ya kiwiliwili, ncha zake zimeinuliwa kidogo, hivi kwamba ukiviacha vijiti hujiweka sawa yenyewe. Imetengenezwa kwa povu jepesi, lile linalofungiwa televisheni mpya. Ikianguka, hupasuka pabaya, ukaigundisha, ikaruka tena.

Mama mkwe hakuwa adui wa ndege. Alikuwa na hoja. "Mwanangu," aliniambia jikoni, "mtoto hajui kukuna nazi, anajua kurusha ndege. Akiolewa atarushia nani?" Nikamsimulia habari ya Milton Wright, askofu wa Marekani, aliyerudi nyumbani mwaka 1878 na kidude cha kuchezea cha kizibo, mianzi na karatasi, kinachozungushwa kwa raba, akawarushia wanawe hewani. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kidude kilipovunjika wakatengeneza kingine, na hawakuacha tena. Kilifuata mtindo wa Mfaransa Alphonse Pénaud, ambaye mwaka 1871 alirusha kindege chake cha raba katika bustani ya Tuileries mjini Paris kwa sekunde 11.

"Na mama yao?" akauliza.

Swali hilo lilinifurahisha, kwa kuwa jibu lake ni zuri. Susan Wright alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi, na katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa na mikono ya ufundi. Wanawe walipokwama walimwendea yeye, si askofu. Mama mkwe akasukuma mbuzi ya kukunia nazi upande wangu, akasema, "Basi na wewe mfundishe yote mawili." Nikakubali, na tukawa tumepatana.

Mapatano hayo yalidumu mpaka shemeji yangu alipokuja kutoka London.

Shemeji ni mtu mwema, mwenye mikono miepesi kuliko masikio. Alikuwa amesikia tunatafuta rimoti ya pili, akatuletea moja iliyotumika, ya kampuni nyingine, bei ya kutupa. Akafika Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa zamu. Haya yanayofuata nimeyapata kwa mashahidi wawili, binti na bibi yake, na hawatofautiani ila kwenye idadi ya vipande vya muhogo.

Kuna kanuni moja ya ndege za umeme ambayo binti yangu anaijua kabla ya zote: ndani ya nyumba, pangaboi halikai kwenye ndege. Linatolewa, linawekwa kwenye droo. Mota ya umeme haingurumi kabla ya kuanza, haikuonyi, na pangaboi la ndege ya ukubwa huu hukata kidole mpaka mfupa. Shemeji alilikuta kwenye droo akalifunga.

"Ami, Mama huwa anatoa hilo kwanza."

"Ndege bila pangaboi ni kuku aliyenyonyolewa. Kaa hapo, shika rimoti yako, usiguse kitu. Tunajaribu waya tu."

Mbayuwayu alikuwa juu ya meza ya kula, kando ya chupa ya chai na sinia la muhogo wa nazi. Shemeji akashika rimoti ya mwalimu, kijiti cha mota kikiwa chini kabisa kama inavyotakiwa. Akabana swichi. Mota ikalipuka kwa mngurumo, ndege ikaondoka mezani.

Binti yangu hakuwa amegusa kitu. Vijiti vyake vilikuwa vimetulia, na hapo ndipo penye siri ya ajali nzima. Kila rimoti hupanga habari zake kwa foleni: chaneli ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Lakini kampuni hazikukubaliana nani atangulie. Kwenye rimoti yetu ya mwalimu, chaneli ya kwanza ni mota. Kwenye ile iliyotoka London, chaneli ya kwanza ni ya kulaza mabawa kushoto na kulia. Sasa kijiti cha mabawa, kisipoguswa, hukaa katikati. Rimoti ya mwalimu ikapokea "katikati" kwenye chaneli ya kwanza, ikaisoma inavyoijua yenyewe: nusu ya nguvu ya mota. Rimoti zote mbili zilikuwa nzima. Kila moja ilisema kweli kwa lugha ya kwao, na Mbayuwayu akapaa.

Alipita juu ya sinia, akazoa muhogo kwa magurudumu, akaipiga chupa ya chai, akavuka zulia mpaka dirishani. Chini ya dirisha kuna rejeta ya kupasha nyumba joto, na juu ya rejeta, kwa kuwa hapa jua halikaushi nguo mwezi Aprili, mama mkwe alikuwa ameanika doti mpya aliyoletewa na bintiye wa Chumbageni. Pangaboi likaanza na pindo.

Wakati huo wote shemeji alikuwa ameibana swichi kwa nguvu zake zote.

"Achia swichi, Ami! Achia!"

"Nimeishika!"

"Ndiyo, achia!"

Ni mtoto wa miaka kumi aliyekuwa amekaa kitini bila kuinuka, sauti imara, akimwambia mtu mzima jambo moja ambalo mwili wa mtu mzima unalikataa. Ukishtuka unabana. Kila mmoja wetu hubana. Swichi hii inataka kinyume chake, na kinyume hicho lazima kifundishwe mpaka kikae kidoleni. Shemeji akaachia. Rimoti ya mwalimu ikashika madaraka, kijiti chake cha mota kiko chini, mota ikazima. Kimya, isipokuwa chai iliyokuwa inadondoka zuliani.

Mama mkwe alinipigia simu kazini. "Mwanangu, fanya kazi yako kwa amani, hakuna aliyeumia. Ila ndege yako imevaa kanga yangu."

Niliporudi nilikuta baraza. Baba watoto ameketi kati ya mama yake na mdogo wake, zulia limeoshwa, kanga imekunjwa mezani, upande uliochanika juu ili kila mtu auone. Mama mkwe hakupaza sauti. Hakumlaumu hata mwanawe. Alitaka jambo moja: ndege isilale tena chini ya paa moja na yeye. Baba watoto akaamua ihamie kwenye kibanda cha bustani, shemeji alipe doti, na mtoto asirushe mpaka rimoti zile zipatane. Hakuna aliyepinga. Usiku huo nikafungua menyu ya rimoti ya mwalimu, nikapanga upya foleni ya chaneli moja baada ya nyingine, pangaboi likiwa mfukoni mwangu, mpaka kila kijiti cha mtoto kikafanya kazi yake. Kisha nikamwita binti yangu akakisogeza kila kimoja, nami nikitazama mkia na mabawa yakijibu. Hilo sasa tunalifanya kila mara kabla ya kuruka, chini, bila haraka.

Betri ndiyo iliyomrudisha mama mkwe upande wetu. Betri zetu ni za lithiamu, laini, zimefungwa kwenye ngozi ya plastiki, volti 11.1, na kishindo cha dirishani kilikuwa kimeibonyeza moja kwenye kona. Kesho yake yeye ndiye aliyeiona jikoni, akanyoosha kidole bila kuisogelea.

"Hii imevimba. Kitu kilichovimba peke yake hakikai ndani."

Alikuwa sahihi kabisa. Betri ya lithiamu iliyovimba ina gesi ndani, na inaweza kuwaka bila kuguswa, moto wa kishindo ambao si rahisi kuuzima. Kabla sijafika na koleo alikuwa ameshamtuma mjukuu wake alete chungu cha maua kilichokuwa tupu na mfuko wa mchanga uliobaki tulipotengeneza njia ya bustani. Tukaizika mchangani, uani, mbali na ukuta, na baadaye ikapelekwa kwenye kituo cha kupokea taka za hatari. Tangu hapo akajitwalia cheo cha mlinzi wa betri. Nilimwonyesha kipimo kidogo kinachosoma volti za kila seli: 4.2 imeshiba, 3.8 ndiyo ya kulalia ghalani, chini ya 3 imeharibika. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Jioni baada ya jioni nilimsikia akimwita mtoto, "Mjukuu wangu, hii umeiacha imeshiba, haitalala vizuri," na mtoto akishuka ngazi kuja kuipunguza.

Mwezi Mei, Jumapili ya kwanza yenye hewa tulivu, tukawa tayari kwenda uwanjani, na waya haupo.

Tulipekua droo, begi, gari na kibanda. Mtoto alikuwa karibu kulia. Kisha mama mkwe akainua kichwa akasikiliza ukuta. Chumba cha pili, wifi yangu alikuwa amefungulia taarabu huku akijipaka hina kwa ajili ya harusi ya jioni, na spika yake moja ilikuwa inaimba, ya pili imenyamaza. "Tangu jana muziki wake una sikio moja," mama mkwe akasema. Waya wetu una pini ya milimita 3.5, umbo lile lile la waya wa simu na spika, lakini hubeba njia moja tu ya sauti. Wifi aliuona mezani akaudhani wa kwake. Nilimpa wa kwake, uliokuwa chini ya mto alioegemea, na taarabu ikarudi masikio yote mawili. Alishangaa kwa dhati, akasema alidhani ni spika imekufa.

Uwanja wa klabu ni kipande cha malisho kilichokatwa nyasi, kilichozungukwa na mashamba. Mwezi Mei mashamba hayo huwa ya njano tupu, mmea wa mafuta wanaouita rapa, unaofika kifuani kwa mtu mzima. Mama mkwe alikuja pia, amevaa koti la baba watoto juu ya baibui na kanga kichwani juu ya yote. Akakalia kiti cha kukunja nyuma ya mstari wa warushaji, begi la betri miguuni. Shemeji alikuja kwa hiari yake, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Mimi huruka na kupanda mpaka minazi minne, kisha hukabidhi. Tunakabidhiana kwa maneno, kwa sauti. "Unayo?" "Ninayo." Bila neno hilo sibani swichi.

Jambo gumu kwa kila anayeanza ni ndege inapogeuka na kuja kwake. Ikienda mbali, kushoto ni kushoto. Ikija, kushoto kwake ni kulia kwako, mkono unaamuru kinyume, ndege inazama, na mtu mzima anajaza hofu juu ya kosa. Wazee wa klabu wana dawa moja isiyohitaji kufikiri: ndege ikija, peleka kijiti upande wa bawa lililoinama, uliinue kutoka chini yake. Binti yangu alikuwa ameizoea kwenye kompyuta, lakini upepo wa kweli hauko kwenye kompyuta. Niliitazama mikono yake kuliko nilivyotazama mbingu. Vidole gumba viko juu ya vijiti, kucha zimekuwa nyeupe kwa kubana.

"Legeza. Gusa, acha. Gusa, acha. Mwache ajiweke sawa mwenyewe."

Rangi ikarudi kuchani. Mbayuwayu akazunguka uwanja mzunguko mzima, akaja, akapita, akaenda. Mara mbili kidole changu kilianza kuachia, mara mbili bawa likainuka kabla sijaamua. Huo ndio ujira wa mwalimu, na sijui mwingine unaoupita.

Kisha mota ikakoma.

Haikupungua, ilikoma, na mlio wa pangaboi ukakatika katikati ya upepo. Nikapaza sauti kuwajulisha warushaji wengine kwamba mota imezima, wakatupisha. Ndege ilikuwa upande wa pili wa uwanja, minazi miwili hivi juu, upepo ukiisukuma kwenda mashambani. Usukani ulikuwa hai, kwa sababu kifaa kinachokata umeme wa mota hakikati umeme wa mabawa na mkia.

"Mama, unaichukua?"

Swali hilo aliliuliza kwa sauti ndogo, macho hayajaondoka angani. Nami nilikuwa na jibu moja la sekunde hiyo, lililokuwa kwenye kidole changu. Mabawa yalikuwa sawa. Pua ilikuwa imeanza kushuka kidogo, na yeye alikuwa hajaivuta. Kuivuta ndiko kunakoua: ndege isiyo na mota hununua kasi kwa kushuka, ukiinyanyua pua kwa huruma inapoteza kasi, bawa linaacha kubeba, inadondoka. Alikuwa anafanya lililo sahihi peke yake. Nikabana.

"Bado unayo. Mabawa sawa. Pua iache chini. Usigeuke kurudi, haitafika. Nenda mbele."

"Mbele ni maua."

"Nenda kwenye maua."

Akaenda. Mbayuwayu akashuka amenyooka, akagusa njano kwa tumbo, maua yakafunguka mstari mrefu, yakajifunga juu yake. Hakuna kilichoonekana tena isipokuwa shamba.

Ndege iliyozama kwenye rapa inaweza kutafutwa saa nzima ikiwa hatua mbili kutoka kwako. Nilipogeuka kumwomba mtu aweke alama, nikamkuta mama mkwe ameshasimama, mkono umenyooka, hapepesi. Ni binti wa mvuvi. Baba yake alikuwa akilirudia fungu lake baharini kwa kuoanisha vitu viwili vya nchi kavu, kimoja mbele ya kingine, na yeye alijifunza hivyo angali mdogo chomboni.

"Mti ule uliokatika kichwa," akasema, "na nyuma yake mnara wa kanisa. Fuata mstari huo. Msinipite mbele."

Tukaomba ruhusa kwa mwenye shamba kwa simu, tukaingia kwa njia za trekta ili tusikanyage mazao, shemeji mbele, binti yangu nyuma na rimoti ya mwalimu mkononi, akitikisa vijiti ili visukani vidogo vya mabawa na mkia vilie. Kila shemeji alipopotea upande, kwa mbali ilisikika, "Kulia, we! Kulia!" na mkono ule haukushuka. Tukasikia mlio mwembamba chini ya majani. Bawa lilikuwa limepasuka karibu na shina, mkia mzima, unga wa njano kila mahali.

Kilichoiua mota tulikiona juu ya meza ya klabu, tulipotoa pangaboi na kifuniko cha mota. Nyuma yake, kwenye mhimili, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua, kulikuwa na uzi uliojisokota, umekazwa na joto mpaka umekuwa mgumu, umesukumiwa ndani hatua kwa hatua kila mota ilipozunguka. Nikauchomoa kwa koleo ndogo. Mama mkwe akauweka kiganjani, akautazama juani.

"Huu ni wangu," akasema. "Rangi ya pindo." Akamgeukia mwanawe. Shemeji akasema doti iko njiani, ameagiza Tanga, na hapo hapo akaongeza ya pili bila kuombwa.

Jioni tuligundisha bawa. Gundi ya povu hutaka mkono utulie, na mkono ukitulia maneno huja. Nikawasimulia habari ya Maynard Hill, Mmarekani ambaye mwezi Agosti 2003 alivusha ndege ndogo ya rimoti bahari ya Atlantiki. Ilikuwa chini ya kilo 5 na mafuta yake, ikaondoka Newfoundland, Canada, ikafika Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, zaidi ya kilomita 3,000. Ndege zake zilizotangulia hazikufika. Hill alikuwa na miaka 77, macho yakiwa karibu yamekwisha na masikio pia. Ng'ambo ya pili, mwenzake Dave Brown ndiye aliyesimama pwani ya Ireland kuipokea na kuishusha chini.

"Katikati ya bahari nani alikuwa ameshika swichi?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia hakuna. Kompyuta ndogo ndani yake ilikuwa ikisoma satelaiti na kushika njia.

Akafikiri. "Lakini Dave Brown alikuwa anaingoja."

"Alikuwa anaingoja."

Mama mkwe, ambaye sikujua kama anasikiliza, akaagiza ndege ilale ndani usiku huo, maana gundi haikauki vizuri kwenye baridi ya kibandani. Baba watoto aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akayarudisha. Hakuna aliyetaja lile baraza.

Jumapili iliyofuata mama mkwe ndiye aliyeamuru shemeji ajifunze. Alisema mtu aliyevunja jambo ndani ya nyumba lazima alijue mpaka mizizi yake. Nikashika rimoti ya mwalimu, shemeji akachukua ile ile aliyotuletea kutoka London, na binti yangu akasimama nyuma ya bega lake. Nikapanda mpaka minazi minne.

"Unayo, shemeji?"

"Ninayo." Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

"Ami, usiminye," binti yangu akamwambia. "Gusa, acha. Sasa inakuja, itazame bawa. Sio mkono wako, bawa. Lililoinama ni lipi?"

"La kulia. Hapana. La kushoto."

"Lisukumie kijiti. Haya. Tena kidogo. Acha."

Nikazidi kubana.